Sekunde Tatu

Muhtasari huu nauandika mimi, Loi Msagala, katibu,
kwa kalamu ya kuazima kwa mwalimu wa Darasa la Tano,
Hombolo, Jumamosi, upepo wa Agosti ukipenyeza vumbi
chini ya mlango kama mjumbe asiye na barua ya mwaliko.

Agenda ya kwanza: kufungua kikao.
Hakikufunguka. Katiba inataka wajumbe tisa,
tulikuwa sita, na wa saba alikuwa mbuzi
aliyefuata kivuli. Chibago, mweka hazina asiye na hazina,
akasema tumhesabu. Tulicheka.
Halafu tukanyamaza,
maana Singida wanataka barua kabla ya Jumatano.

Ukutani ramani ya dunia imeliwa na mchwa upande wa Ulaya.
Pasifiki imesalia yote: bluu, bluu, na nukta nukta
kama rangi iliyomdondoka mchoraji akienda kwingine.
Mwalimu Ndahani alituambia visiwa vile navyo vina vyama,
vina magoli, waamuzi na filimbi zao;
kwamba timu hupaa mchana kutwa juu ya maji
kutafuta mpinzani tu,
na wakitua huanza kwa kubishania nauli.
Nikaitafuta Ipala, nikaitafuta Zepisa, Mahoma Makulu.
Hazimo. Ila najua baiskeli huchukua saa ngapi.
Kumbe na sisi ni nukta,
bahari yetu tu ndiyo ya kahawia.

Uwanja tuliuchora kwa majivu. Chokaa ni mali ya kata.
Mstari wa mita sita ni upinde, na upinde haukubali macho:
Zipora alifunga kamba ya katani kwenye mguu wa goli,
akazunguka nayo taratibu kama anayembembeleza beberu.
Jioni ng'ombe wa Malogo wakaufuta.
Asubuhi akachora tena.
Mara ya nne, ng'ombe walipita pembeni.

Sheria nawafundisha wasichana kwa vidole:
hatua tatu, sekunde tatu, halafu toa.
Dunda, pasia, rusha golini, lakini toa.
Mpira si mtoto wako.
Ndipo Damari, kipa, mwenye kiganja kama ungo,
akauliza mbele ya watu sita na mbuzi:
"Mwenyekiti kashika muhuri miaka kumi na moja.
Nani wa kumpulizia filimbi?"

Hilo sikuliandika kwenye daftari la chama. Naliandika hapa.

Nimtendee haki Bwana Yeriko Mbeleje.
Ndiye aliyeuleta mpira wa kwanza kutoka mjini,
kaupakata juu ya lori la saruji.
Magoli aliyachomelea kwa mabomba ya kisima kilichokufa.
Siku hizo tulidhani mikono ni ya jembe na ya kupiga makofi ibadani.
Lakini tangu lini aliyepanda mzabibu
akawaficha wengine mkasi wa kupogolea?

Chibago alitumwa. Akarudi saa kumi
na muhuri ndani ya soksi,
na salamu: "Waambie kichwa kinaniuma."
Tukafungua pedi ya wino.
Kavu. Imepasuka kama korongo la Oktoba.
Miaka yote ile tuliyouogopa
haukuwa umegonga kitu.

Hakuna aliyesema neno.
Zipora akatoka, akarudi na kichala cha zabibu nyeusi,
akazikamua kwenye kifuniko cha chupa.
Wasichana kumi na wanne, dole gumba moja moja,
na Damari, kwa kuwa ni Damari, kiganja kizima,
kikamwagikia hadi kwenye tarehe.
Nyuki mmoja alikuja kuisoma.

Kama Singida watakubali barua yenye harufu ya shamba, sijui.
Katiba haisemi. Nimeipekua mara mbili.

Basi la jioni likapiga honi.
Barua ilikuwa mkononi mwangu, bado mbichi,
na nilipenda, kusema kweli, uzito wake.
Moja.
Mbili.
Tatu.
Nikampa kondakta.